Sura ya Nane: Viganja Visivyoungua

Jalada lilikuwa limekwisha kuandikwa lote. Kilichobaki ilikuwa kuifunga kamba ya ushahidi na kuibandika karatasi ya kielelezo.

"Konstebo Eustace!" Sajini Selestine aliita kutoka ndani ya kibanda cha polisi. "Lori la Bwana Shauri wa wilaya linafika saa tisa, na hiyo kamba bado imelala chini kama mkia wa ng'ombe."

Eustace, Mhaya mrefu asiyekaukiwa maneno, alikuwa amechutama nje akijipigapiga mapaja. "Afande, kamba hii ina wenyewe. Wamenipanda mpaka huku ambako mke wangu peke yake ndiye ana kibali."

"Wenyewe nani?"

"Sisimizi, afande. Kikosi kizima, na wanyapara wao."

Sajini alitoka na kalamu ikiwa sikioni. Alikuwa mtu nadhifu. Soksi zake alizivuta mpaka chini ya magoti na kaptura yake ilipigwa pasi ikasimama kama ubao. Mwaka ule wa hamsini na moja alikuwa ndiye mweusi pekee mwenye mapande matatu ya usajini begani katika machimbo yote ya Nyarugusu, na tangu juzi watu walikuwa wakimtaja kwa sifa. Alimkamata muuaji kabla marehemu hajapoa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Asubuhi ya Jumanne, Kalisti, mchimbaji kutoka Ushirombo, alikuwa akishushwa shimoni kwa kamba ya katani. Kamba ile ilizungushwa mara mbili kwenye gogo la mninga lililolazwa juu ya panda mbili mdomoni mwa shimo. Gogo halikuzunguka, kazi yake ilikuwa kuing'ang'ania kamba, ili mtu mmoja aliyeshika ncha ya pili aweze kuiachia kidogo kidogo. Mtu huyo alikuwa Maganga. Kalisti aliposhuka pima tatu hivi, kamba ilikimbia yote, naye akaenda kufia chini.

Sajini alipofika, hakupiga kelele. Alimwambia Maganga afungue mikono. Kamba ya katani ikimponyoka mtu kwa nguvu humbabua, humwachia malengelenge na nyama nyekundu. Viganja vya Maganga vilikuwa vizima kama vya mtoto. Basi haikumponyoka, aliiachia kwa kusudi. Tena watu watatu walimsikia asubuhi ile akimwambia Kalisti, "Leo nakutupa, ukaolewe na mijusi." Sajini alimfunga pingu, akamwinua mikono juu na kumpitisha katikati ya gulio, viganja vikitazama watu. "Tazameni mikono ya muuaji!" alisema. Watu walitazama. Wengine walitema mate.

Sasa alikuwa anatazama sisimizi.

"Inua," alisema. "Tuipime."

Waliipima kwa mikono iliyonyooshwa, Eustace akihesabu kwa sauti. Pima mbili za mwanzo, upande aliofungwa Kalisti, hazikuwa na sisimizi hata mmoja. Kuanzia ya tatu walikuwa wamejaa, wamejipanga kwenye nyuzi kama shanga nyeusi. Walikwenda hivyo mpaka pima ya kumi na mbili, wakakoma. Pima nane zilizobakia zilikuwa safi.

"Shimo lina kina gani?" Sajini aliuliza.

"Pima kumi, afande."

"Na mtu akisimama pale, kutoka kwenye viganja vyake kupita mizunguko ya gogo hadi mdomo wa shimo, kamba inayokaa ni pima ngapi?"

Eustace alihesabu kwa vidole. "Mbili."

Mbili na kumi. Sisimizi walikuwa wameishika ile sehemu hasa iliyopita mikononi mwa Maganga, bila kuzidi wala kupungua. Sajini aliiinua kamba mpaka puani, akainusa, halafu akaishusha upesi, kama mtu aliyeguswa mahali penye jipu.

"Inanuka nini, afande?"

"Niletee mahabusu."

Maganga alitolewa kwenye chumba cha nyuma, kibanda cha udongo kisichokuwa na dirisha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano au sita, mfupi, mwenye mabega mapana. Alikaa chini bila kuambiwa.

"Nyosha mikono."

Aliinyosha. Sajini aliinama. Juzi aliviangalia viganja vile akiwa amesimama wima. Leo aliinama mpaka pua ikagusa. Katika mistari ya ngozi mlikuwa na kitu cha manjano kilichoganda, na vumbi jekundu la shimo limejishikiza humo.

"Nani alikupaka?"

Maganga alitazama ardhi.

"Ulipakwa lini? Jumanne alfajiri?"

Maganga alikunja vidole juu ya viganja.

"Kijana, leo saa tisa unapelekwa Mwanza. Ukifika kule hakuna wa kukuuliza tena kwa lugha unayoijua. Watakunyonga. Sema."

"Nimwambie nini mtu ambaye anajua?" Maganga alisema polepole. "Afande, wewe ni wa kwetu Shinyanga. Uliponishika mkono Jumanne, uliupangusa wako kwenye leso. Ulijua ni nini. Nikasema moyoni, kama huyu anajua na amenyamaza, basi hata yeye ameona kwamba mwenye kosa ni mimi."

Eustace alimtazama sajini. Sajini alikuwa akifunga kifungo cha mfuko wa shati kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Mrudishe ndani," alisema. "Umpe maji ya kunywa. Ya kunywa tu, asinawe."

Nyumba ya Maganga ilikuwa mwendo wa kama kuvuta kiko kimoja kutoka machimboni, kibanda cha nyasi kilichozungushiwa miiba. Mlangoni alikaa Bi Mbuke, mama mzazi wa Nyamizi, mke wa Maganga. Alikuwa anapepeta mtama. Ndani kulisikika kitoto kikilia, kisha kingine kikakijibu.

Sajini alivua kofia, akamwamkia kwa Kisukuma kama anayemwamkia mama. "Mwangaluka, mayu."

Mama yule hakuacha kupepeta. "Mwangaluka. Kumbe salamu ya kwenu unaijua. Juzi ulipita hapa na watu wako ukapekua mpaka kitandani mwa mzazi, hukuijua."

"Nimekuja kuuliza jambo moja, mayu."

"Uliza. Wewe ndiye serikali."

"Maganga alipakwa samli?"

Ungo ulisimama. "Mwanangu amejifungua mabasa," alisema. Pacha, ndiyo maana yake. "Jumatatu jioni. Na wewe unajua mabasa hawaingii nyumbani kama kuku. Baba yao hupakwa mafuta ya ng'ombe mikononi kila alfajiri, siku saba, na hanawi, wala hatoki nje ya boma mpaka siku hizo ziishe. Nilimpaka kwa mkono wangu huu. Nilipogeuka kumwangalia mzazi, yeye huyo, amekwenda kazini."

"Kwa nini?"

"Muulize nyapara wenu Donatus. Alisema atakayekosa Jumanne, nafasi yake anapewa mwingine. Na hapa sasa kuna midomo miwili zaidi." Alipepeta mara moja, makapi yakaruka. "Alikwenda na mafuta yake mikononi kwa sababu nilimkataza kunawa. Alinisikia kwa moja, akanikaidi kwa lingine. Laiti angekaidi yote mawili."

"Mbona hukuja kituoni kusema, mayu?"

Hapo Bi Mbuke aliuweka ungo chini, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nilikuja. Jana, toka jua linachomoza, nilisimama mbele ya kibanda chako. Wewe ulikuwa ndani unaandika. Nikasikia ukimwambia yule mrefu, 'Kiondoe hicho kikongwe kinachonuka samli.' Nikajiondoa mwenyewe, nisimpe taabu."

Sajini aliikunja kofia, akaikunjua, akaikunja tena.

"Naomba kidogo, mayu," alisema mwishowe. "Samli. Hata ya kujaza kisoda."

"Ya kula?"

"Ya kumtoa mkweo."

Bi Mbuke alimpa, kwenye kipande cha kibuyu. Hakumwambia kwaheri wala karibu tena.

Saa sita, jua likiwa utosini, walikuwa mdomoni mwa shimo: sajini, Eustace, na nyapara Donatus, jitu la tumbo lililomtangulia mwenyewe popote alipokwenda. Wachimbaji kumi hivi walisimama pembeni.

"Sioni tunatafuta nini," Donatus alisema. "Mimi ndiye niliyetangulia kushushwa siku ile, mkono ule ule, kamba ile ile. Nilifika salama. Mnaniona nilivyo. Kalisti alikuwa mwembamba kama fito. Kamba inayomshika tembo ishindwe na swala? Alimwachia."

Hoja ile ndiyo iliyokuwa ukurasa wa pili wa jalada, kwa mwandiko mzuri.

"Tutaiuliza kamba yenyewe," Sajini alisema.

Alijaza magunia mawili mawe. La kwanza alilipima dhidi ya Donatus kwa mti wa mizani waliotumia kupimia pamba, mpaka likawa sawa naye. La pili akalifanya nusu na ushei, uzito wa Kalisti. Aliwaambia walisugue gogo kwa majivu na mchanga, walipanguse. Kisha aliigeuza kamba, akatumia ule upande wa pima nane usiokuwa na sisimizi.

"Mizunguko miwili. Eustace, shika."

Gunia zito lilining'inia shimoni. Eustace alishika kamba kwa mikono miwili, akaona haimvuti, akashika kwa mmoja, mwishowe kwa vidole vitatu. "Mbona kama nimeshika mbuzi?" alisema.

Wakafunga jepesi. Hilo nalo likashikwa.

"Mnaona?" Sajini alisema. "Zito linavuta kwa nguvu, lakini linaibana kamba kwenye gogo kwa nguvu hiyo hiyo. Jepesi linavuta kidogo, linabana kidogo. Uzito wa mtu hautuambii kitu. Nilikosea hapo."

Alilisema neno lile la mwisho kwa sauti ya chini, lakini waliokuwa karibu walilisikia.

"Basi ni umande," Donatus alisema. "Ilikuwa asubuhi."

Sajini alimwagia gogo na kamba maji debe zima. Eustace alilegeza mkono taratibu: gunia halikushuka. Katani iliyolowa ilikuwa imevimba na kuuma kuliko ilipokuwa kavu, ilibidi aisukume.

"Gogo limelainika," mchimbaji mmoja alisema. "Limetumika miaka mitatu, linang'aa kama upara."

"Ndilo hilo hilo lililoshika sasa hivi. Punguza mzunguko mmoja, Eustace."

Eustace aliondoa mzunguko. Mara ile ile kamba ilimtoka mikononi ikilia, gunia likapiga chini, naye akaruka akipuliza viganja. "Mama wee! Afande, huo ni ushahidi au ni adhabu?" Mstari mwekundu ulikuwa umekatiza kiganja kizima, na malengelenge yalianza kuinuka.

"Pole. Mzunguko mmoja haukutosha, na kamba isiyo na mafuta ikakubabua. Kumbuka maumivu hayo, utayaandikia maelezo." Sajini alitoa kibuyu. Samli ilikuwa imeyeyuka kwa jua, ikawa kama maji ya dhahabu. Mwenyewe alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaipaka katika viganja vyake. "Rudisheni mizunguko miwili. Kausheni gogo. Nipeni kamba upande wa sisimizi. Fungeni gunia jepesi."

Wachimbaji walisogea karibu. Sajini wa serikali, mikono ikimtiririka mafuta.

Alianza kushusha. Pima ya kwanza ilikwenda vizuri, maana iliyokuwa kwenye gogo bado ilikuwa ile kamba safi ya mwanzo. Ya pili pia. Kisha ile sehemu iliyopita mikononi ikaanza kufika kwenye gogo na kulizunguka, na hapo Sajini alihisi kamba imekuwa kitu kingine, kambare aliyeshikwa mkia. Alikaza vidole kwa nguvu zake zote. Kadiri alivyokaza ndivyo ilivyoteleza. Ilikimbia pima zote zilizosalia, gunia likapasuka kule chini, mawe yakatawanyika.

Alifungua mikono, akawaonyesha. Ilikuwa inang'aa. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Donatus alisema kama mtu anayezungumza na tumbo lake: "Hata mimi siku ile... nilipokaribia chini nilikwenda mbio kidogo. Nikamtukana Maganga."

"Ulimtukana, hukusema kwenye maelezo."

"Hukuniuliza, Sajini."

Ilikuwa kweli. Hakumwuliza. Sasa alieleza polepole, akionyesha kwa kidole. Alfajiri kuna baridi, samli imeganda. Maganga mwenyewe alidhani imekwisha kuingia katika ngozi. Alipomshusha Donatus, kamba ilikuwa inasuguana na mikono na gogo, ikapata joto, mafuta yakayeyuka na kuingia katika nyuzi. Donatus alifika kwa sababu mafuta yalipoyeyuka sawasawa yeye alikuwa karibu kufika chini. Kamba ikapandishwa, imekunywa mafuta kuanzia pima ya tatu. Akafungwa Kalisti. Pima mbili za kwanza zilikuwa kavu. Ya tatu ilipokaa juu ya gogo, gogo halikuwa na cha kung'ang'ania, wala mikono haikuwa na cha kushika.

"Na lile tishio?" Eustace aliuliza. "La mijusi?"

Mchimbaji mmoja mzee alicheka bila furaha. "Wale? Walikuwa watani. Kalisti asubuhi ile alikuwa akimwambia Maganga kwamba Wasukuma huzaa pacha kwa uvivu wa kuja duniani mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka kuku kwa mzazi, usiku ule ule wa Jumatatu. Tulidhani Sajini anajua utani."

Lori lilifika saa tisa kasoro, likiwa limebeba vumbi la njia nzima. Bwana Shauri msaidizi, Mzungu kijana mwenye Kiswahili cha kitabuni, aliwekewa meza nje ya kibanda, chini ya turubai. Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Watu wa gulio walikusanyika, wale wale. Mbele yao, juu ya kipande cha mkeka, alikaa Bernadina, mjane wa Kalisti, kaniki imemfunika mpaka machoni. Siku mbili zilizopita Sajini alimwapia mbele ya kaburi kwamba aliyemuua mumewe atanyongwa.

Bwana Shauri alisoma jalada, kisha akasoma karatasi mpya zilizoongezwa mchana ule, ambazo mwandiko wake ulipinda na kingo zake zilikuwa na madoa ya mafuta. Alivitazama viganja vya Eustace, akavitazama vya Maganga. Aliuliza maswali machache, yote ya maana.

"Jambo moja silielewi," alisema. "Jumanne uliandika hapa: mshtakiwa ananuka jasho. Leo unaandika: samli. Je, wewe huijui harufu ya samli?"

"Naijua, Bwana."

"Siku ya Jumanne uliinusa?"

"Niliinusa, Bwana."

"Kwa nini basi hukuiandika?"

Sajini alisimama kwa ukakamavu wa gwaride. Angeweza kusema alisahau. Eustace, nyuma yake, alikuwa akimwombea aseme alisahau. Kusahau ni kosa la kuvuliwa pande moja tu.

"Mke wangu Apolonia alijifungua pacha, Bwana, miaka mitatu sasa, tukiwa kambini Shinyanga. Mama yangu alitembea siku mbili kuja kunipaka. Alifika kwenye geti na chungu chake kichwani, ananuka samli, na maaskari wenzangu walikuwa pale wanacheka. Mlinzi akaniuliza kama namfahamu." Alikaza mikono ubavuni. "Nikasema simfahamu mwanamke huyu. Alirudi na chungu chake. Tangu hapo nikisikia harufu ile, naiita jina lingine. Jumanne niliiita jasho."

Kiswahili chake kilikuwa safi, kila mtu alisikia. Nyuma, mwanamke mmoja aliguna. Maganga peke yake ndiye aliyegeuza uso asimtazame, kama mtu anavyogeuka mwenzake akiwa anaoga.

Bwana Shauri aliandika kwa muda mrefu. "Nitaandika ajali," alisema. "Fungua pingu. Na wewe Sajini, utakuja Mwanza kujieleza kwa mkubwa wako. Lete na hizo alama za begani."

"Ndiyo, Bwana."

Alifungua pingu mwenyewe. Ufunguo ulimponyoka mara mbili. Maganga aliposimama hakwenda kwa wakwe zake waliokuwa wakimngoja. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Bernadina, akainamisha kichwa. Bernadina aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauondoa. Halafu akafunua uso na kumtazama Sajini.

"Wewe," alisema. "Juzi ulinipa mtu wa kumchukia. Nikalala naye siku mbili, nikamlaani yeye na mama yake, nikawalaani na watoto ambao mume wangu aliwapelekea kuku. Leo umekuja kumchukua. Nitazirudisha vipi laana zile, Sajini? Nionyeshe kwenye kitabu chako."

Hapo Sajini akakumbuka kwamba tangu Jumanne alikuwa amemhoji mama huyu mara tatu, amemtia dole gumba kwenye karatasi mara mbili, na hakuwahi kumpa pole.

Alivua kofia, akakaa chini kwenye vumbi, na kaptura yake ile ya pasi, miguu ameikunja kama wanavyokaa wanaume matangani.

"Pole, mama," alisema.

Bernadina akajifunika tena kaniki. Lori lilipiga honi mara mbili, na Sajini alikuwa bado amekaa.